Nimeombwa kusimulia habari za Tendaguru mbele ya watu, kinywa kinakauka

BintiMtanda
Wana kusini hamjambo? Wakubwa shikamooni.

Nipo Lindi mjini, nauza kwenye duka la dawa. Watoto wa dada hawalali mpaka niwasimulie, na wanayoitaka kila siku ni ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale aliyetoka kwenye kilima cha Tendaguru huku Lindi: Wajerumani walivyochimba mifupa kuanzia 1909 hadi 1913, babu zetu wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini hapa. Sasa jirani kaenda kunisemea, nimeombwa nisimulie ufukweni Jumamosi jioni, mbele ya watoto, wazazi na wazee wa mtaa.

Mkekani na watoto nachonga vizuri tu. Nikiwaza watu wazima wamekunja mikono wananitazama, ulimi unaganda. Nikisema "Hadithi, hadithi!" wakanyamaza je? Na hayo ya miaka na tani nayapitisha vipi watu wasisinzie?

MpwaWaNachingwea
Wakinyamaza itikia mwenyewe. Watacheka, hapo umeshawapata. Mengine nawaachia wanaojua.

MamaMbangua
Marahaba mwanangu. Mimi kusimulia nimejifunzia kwenye kubangua korosho, huku Newala. Pale mikono ina kazi, macho yapo kwenye korosho, hakuna anayekukodolea, wanasikiliza tu. Hata mwoga anaweza. Kwa hiyo usisimame mikono mitupu, shika kitu.

Tafuta jiwe, la kumtoa jasho mtoto wa darasa la nne, ulifunge kwenye kanga. Huo ndio mfupa wako. Wapagazi walitembea siku tatu nne kutoka Tendaguru hadi Lindi. Hilo usiwaambie, wabebeshe. Jiwe lianzie kwa waliokaa nyuma kabisa, lije mkono kwa mkono, na hapo uliposimama wewe ndiyo bandari. Likiwa njiani watu wanaimba. Utunge wimbo mfupi, kiitikio maneno mawili, mtoto mmoja umpe kazi ya kuuanzisha kila unapozama. Kila mara mkatishe aliyeshika jiwe: "Mpagazi, umefika wapi?" Mmoja atasema Mingoyo, mwingine atabisha kwamba njia haikupita huko, na wakianza kubishana wewe unapata kupumua.

Tani usizitaje kabla jiwe halijafika. Likifika, waulize kama wamechoka. Wakisema ndiyo, ndipo uwaambie kwamba mifupa iliyotoka kule ni zaidi ya tani 200.

Na umtaje Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Watu wanawajua Wajerumani tu. Likitajwa jina la mtu, wazee wataanza kuulizana ni wa ukoo gani, na mikono itakunjuka yenyewe.

Woga wenyewe hautoki, mimi mpaka leo tumbo linanikata. Ila sentensi ya kwanza na ya mwisho zikariri kabisa. Za katikati ziache. Kipaza sauti achana nacho, kitakufunga mkono.

FundiSpika_Mikindani
Mama yangu, kwa heshima zote, kipaza sauti aweke. Nakodisha muziki wa harusi huku Mikindani, nimeona wasemaji wengi wakimezwa na upepo wa bahari. Dada, kivalishe kile kisifongo chake, mtu akushikie, nawe uipe bahari mgongo ili upepo ukupelekee sauti kwa watu. Wakikaa wao upande wa bahari, utapiga kelele mpaka kesho.

Lingine, mzee wa watu kaja kupunga upepo, unampa jiwe? Na hao wapagazi si vichekesho. Vita vya Maji Maji viliisha 1907, njaa ikafagia huku kwetu, miaka miwili baadaye ndiyo watu wanabeba mifupa. Wimbo wa kuchangamka mwanzo mpaka mwisho mimi siuafiki.

MamaMbangua
La njaa umesema kweli, mwanangu. Binti, jiwe likifika katikati kata wimbo. Sema hilo la Maji Maji kwa maneno machache, halafu jiwe liendelee bila kuimba. La wazee nakukatalia. Mzee ukimruka atanuna. Mpe kanga ashike, yeye mwenyewe ataomba na jiwe.

BintiMtanda
Asanteni sana. Kipaza sauti kitakuwepo, mama unisamehe. Mpwa wangu mkubwa ndiye atakayeanzisha wimbo, ameshaanza kutamba.

Bado moja. Mjusi mwenyewe yupo Berlin, walimsimamisha 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watu lazima wataniuliza kwa nini yupo kule na sisi hatunaye. Nijibu nini?

MamaMbangua
Usijibu. Mgeuzie mzee mmoja swali, kisha wewe kaa chini unywe maji.

FundiSpika_Mikindani
Na kipaza sauti umpelekee huyo mzee, usimwache apayuke.