Nyumba za nafuu Bowling Green: nikiongezewa mshahara nitatolewa?

MamaWatatu: Ndugu zangu wa Kentucky, nimepata nafasi katika zile nyumba za watu wa kipato cha chini, ambazo wajenzi wake hupunguziwa kodi ya serikali. Meneja alikagua karatasi zangu zote za mshahara wa kiwandani, hadi ovataimu za usiku! Kipato kikipanda, nitafukuzwa na wanangu?

KakaWaGoma: Hapana dada. Kikomo cha kipato ni cha kuingia. Kikipanda baadaye, hiyo si sababu ya kukutoa.

MamaWatatu: Ovataimu zikikatwa je, pango litashuka?

Jirani2: Halishuki kwa sababu hiyo; hapo ndipo wengi huumia. Mpango huu wa nafuu ya kodi, uliotokana na sheria ya 1986, si kama vocha ya pango, ambayo hutazama kipato chako: hapa ukomo wa pango hufuata kipato cha kati cha eneo (nusu ya kaya hupata zaidi, nusu pungufu), si mfuko wako.

MamaWatatu: Kumbe! Basi nasaini, ila bajeti yangu bila ovataimu.