Makloza wa besiboli (warushaji wa mpira wanaoingia kumalizia mechi): Rivera, Wagner au Hoffman, ukiwapima na wastani wa ligi nani yuko juu?

kloza_wa_usiku:
Wakuu habari zenu, nimechoka kusikia watu wanahesabu sevu tu, yaani mechi ambazo kloza kalinda uongozi mpaka mwisho. Rivera 652, Hoffman 601, Wagner 422, basi mjadala umeisha? Sevu inategemea timu yako inaongoza mara ngapi mpaka inningi (kipindi) ya 9, ile ya mwisho, sasa kloza wa timu mbovu atalinda nini? Mi naangalia ERA, yaani rani (pointi) anazoruhusu kwa kila inningi 9 bila kuhesabu zinazotokana na makosa ya wenzake, halafu nailinganisha na ligi ya miaka yake. Rivera 2.21, Wagner 2.31, Hoffman 2.87. Kuna kipimo cha ERA+ kinachorekebisha mpaka uwanja, pale 100 ndo mrushaji wa kawaida. Hoffman 141, Wagner 187, Rivera 205! Ukipiga hesabu kwa kurudi nyuma, mrushaji wa kawaida kwenye mazingira ya Rivera angeruhusu kama rani 4.5, jamaa kakata zaidi ya nusu, na kafanya hivyo kwa miaka 19, mingi kati ya hiyo akitegemea zaidi mrusho mmoja, ile kata yake (mpira wa kasi unaopinda mwishoni) ambayo kila mpigaji anajua inakuja.

mbongo_houston:
Mkuu nakuelewa ila Wagner usimpite haraka hivyo. Mi nipo Houston, huku ndo alikoanzia, na wazee kazini wakimtaja wanaanza na spidi ya ule mkono wa kushoto, mtu kazaliwa anatumia wa kulia, ukavunjika utotoni akahamia kushoto. Kapiga straikauti (kumtoa mpigaji kwa straiki tatu) 1,196 kwenye inningi 903 tu, ni karibu 12 kwa kila inningi 9, Rivera ni kama 8. Cooperstown, kwenye jumba la magwiji wa besiboli, wamemchelewesha mpaka 2025, mwaka wake wa mwisho kupigiwa kura, wakati Rivera 2019 alipata kura zote, mtu wa kwanza kabisa. Tofauti yao kwenye ERA ni 0.10 jamani.

Nukta7:
Ila hiyo 0.10 inadanganya. Wagner muda mwingi alikuwa ligi ya National, ambako enzi hizo mrushaji mwenyewe alishika gongo kwahiyo unapata auti (kumtoa mpigaji) za bei rahisi, Rivera alikuwa ligi ya American ambako kuna mpigaji maalum badala yake. Ndo maana kwenye ERA+ pengo linakuwa 18.

Kitu kingine hamjakigusa, wastani wa ligi umechanganya na wanaoanza mechi, wale wanarusha inningi 6 au 7 na wapigaji wanawazoea, kloza anaingia inningi moja anatoa nguvu zote anatoka. Mwangalie Rivera mwenyewe 1995, mechi 10 alianzishwa, akamaliza mwaka na ERA 5.51. Mwaka uliofuata wakamweka wa kuingia baadaye, 2.09. Mtu yuleyule!

kloza_wa_usiku:
Nukta7 hapo umenigusa kweli, sikuifikiria hiyo ya 1995. Lakini hiyo nafuu makloza wote wanayo, na bado kwa waliofikisha inningi 1,000 hakuna mwenye ERA+ kama yake. Rivera kafika 1,283, Wagner hakufika hata hiyo 1,000.

mama_wa_inningi9:
Wanangu mmesahau mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida, pale unakutana na timu bora tupu, wastani wa ligi hauna maana tena. Rivera inningi 141, ERA 0.70, sevu 42. Kapoteza mechi moja tu, ile ya 7 dhidi ya Arizona 2001, na mpaka leo nikiukumbuka ule mpira wa Luis Gonzalez ulivyodondoka nyuma ya shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) moyo unaniuma. Wagner huko ana inningi hazifiki 12, na ERA imevuka 10.

mbongo_houston:
Mama hapo nakubali, ingawa inningi 12 ni chache mno kumhukumu mtu. Mi nampa Wagner namba 2, mbele ya Hoffman na sevu zake zote 601.