Naomba ushauri: nianze na Debian au FreeBSD?

Wadau, nataka kujifunza kusimamia seva za mifumo endeshi ya aina ya Unix, na hiyo miwili ndiyo ninayochagua kati yake. Niko Umoja, laptopu yangu ni ya mtumba kutoka Luthuli Avenue, ramu 4GB, kwa hivyo mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya laptopu) mbili kwa pamoja ni kuitesa tu. Amri kama ls na grep nazimudu. Hata chmod 640 naielewa: mwenye faili asome na kuandika, kundi lisome, wengine wasiguse. Ninapokwama ni cron (ya kupanga kazi zijiendeshe kwa wakati), na kusoma yaliyomo /var/log (folda ya kumbukumbu za mfumo) nikajua tatizo liko wapi. (Kurasa za man, yaani maelezo ya amri yaliyo ndani ya mfumo, kusema kweli, zinamfaa anayejua tayari.)

Waajiri wa hapa Nairobi wanataka ipi zaidi? Na mazoezi ya ssh (kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao) nifanyeje nikiwa na mashine moja?