Mjadala: Anayekufundisha kuacha nyama, maziwa na mayai, alazimike kukutajia vitamini B12?

Binti wa Sakina (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Naleta hili kwa sababu limenikuta, na kwa sababu hapa Arusha kumbi za semina za kula mimea mitupu hazikosi watu.

Miaka mitatu na nusu iliyopita nilikwenda semina ya siku mbili ya tiba lishe. Nilikuwa na kilo 91, presha juu, tumbo gesi tupu. Tukafundishwa kuacha nyama, samaki, mayai, maziwa, hata siagi. Nikatii. Na nisiwe mnafiki, ilinisaidia: kilo 17 zilitoka, presha ikashuka, nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Nyumbani tukawa watu wa makande, ndizi na maharage, mchicha wa karanga, parachichi. Mume wangu akabaki na nyama yake ya Ijumaa, hatukugombana.

Mwaka huu mwezi wa pili nyayo zikaanza kuchomachoma kama nimekanyaga upupu. Nikalaumu viatu. Ulimi ukawa mwekundu, unawaka nikinywa chai. Nikaanza kusahau vitu. Ikafika mahali nikitembea gizani nayumba kama nimetoka kwenye mbege. Zahanati ya kwanza wakasema taifodi. Ya pili, taifodi tena. Mama mkwe akasema nimekanyaga kitu. Mwishowe daktari mmoja kijana akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, unakula nini?" Akaagiza kipimo cha B12, ikakutwa chini mno. Sasa nachomwa sindano nyekundu kama juisi ya rozela, leo nachomwa, kesho napumzika.

Siulizi kama mimea ni mibaya. Nauliza hivi: yule mwalimu alieleza faida za kitunguu saumu saa nzima. Hakuwa na wajibu wa kuniambia kwamba B12 haimo kwenye mimea? Na serikali imlazimishe?

Bucha Ngarenaro

Pole sana dada. Njoo dukani nikupimie nusu kilo ya maini, mjadala ufungwe.

Nesi Mstaafu, Moshi

Pole mwanangu. Huyo wa bucha anatania, ila maini ni kweli yana B12 nyingi kupindukia.

Nimekaa wodini miaka 31. B12 haitengenezwi na mmea, wala mnyama mwenyewe haitengenezi. Inatengenezwa na bakteria. Ng'ombe anaishi nao tumboni, sisi tunaipata kwenye nyama yake na maziwa yake. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku, kitu usichoweza kukiona kwa macho. Na ini linaweka akiba ya miaka kadhaa. Ndiyo maana mwaka wa kwanza unajisikia malaika, wa pili unatoa ushuhuda kanisani, wa tatu au wa nne miguu inakufa ganzi na hakuna anayekumbuka ulibadili nini.

Kuna jingine linalowapoteza hata wahudumu wenzangu. Mboga za majani zina foleti nyingi, nayo ni vitamini nyingine ya damu, na foleti inaweza kuizuia damu isipungue huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Mtu anapimwa damu, wanamwambia iko vizuri, anarudi nyumbani na dawa za taifodi. (Nchi hii ganzi ikishindikana kuelezwa, ni taifodi.) Na wenye sukari wanaomeza metformini wajue kwamba dawa hiyo nayo hupunguza B12 mwilini. Mgonjwa wa sukari aliyeacha vitokavyo kwa mnyama na bado yuko kwenye metformini, huyo ningemshika mkono mwenyewe hadi maabara.

Chalii wa Njiro

Wakuu mnatisha watu bure. Mlonge una kila kitu. Pia kuna ule unga wa kijani, spirulina. Hospitali zinatafuta biashara tu.

Nesi Mstaafu, Moshi

Mlonge ni mboga nzuri, mimi mwenyewe nimeupanda uani. B12 hauna. Na huo unga wa kijani, sehemu kubwa ya kile kinachosomeka kwenye kipimo ni kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Anayeutegemea anajidanganya.

Mzee wa Kanisa, Usa River

Amani kwenu. Mimi ni Msabato, nyama niliiacha 1989. Ujumbe wetu uliingia Upareni, pale Giti, mwaka 1903, na nina ndugu huko ambao babu zao hawakula nyama, wao hawali, na wanapanda milima na mizigo kichwani. Loma Linda kule California waumini wenzetu wamechunguzwa miaka mingi, wanaishi muda mrefu kuliko majirani zao. Msiseme chakula cha mimea kinaumiza.

Binti wa Sakina

Shikamoo mzee. Naomba kuuliza kwa heshima: asubuhi unakunywa chai ya rangi au ya maziwa?

Mzee wa Kanisa, Usa River

Marahaba binti. Ya maziwa. Na jioni mtindi.

Bucha Ngarenaro

Mzee kaingia kumi na nane!

Mzee wa Kanisa, Usa River

Sijaingia popote, kijana. Ni wapi nimesema sinywi maziwa? Kuacha nyama ni jambo moja, kuacha kila kitokacho kwa mnyama ni jambo jingine, na hao wa Loma Linda wengi wao wasiokula nyama hutumia maziwa na mayai. Semina hizi zinachukua ushuhuda wa wanywa maziwa na kuutumia kuwanyima watu maziwa. Hilo ndilo linalonikera, na nimelisema hata kanisani kwangu.

Mpishi wa Machame

Mimi napikia wapanda Kilimanjaro, mwaka wa 14 huu. Kila msimu napata wageni vegani, yaani wasiogusa chochote kitokacho kwa mnyama. Chakula hakiwashindi: nawapa uji wa ulezi, supu ya maboga, dengu, ndizi za tui, siagi ya karanga, parachichi. Maharage nayachemsha Moshi kabisa kabla hatujapanda, maana Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, maji yanatokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Utamaliza mtungi na maharage bado yanalia kwenye meno. Watu hao wanafika kileleni Uhuru, mita 5,895, na wagumu wangu, wapagazi, waliokula nyama nao wanafika. Kwa hiyo habari ya nguvu mwilini, mimi sina ubishi nayo.

Lakini kitu kimoja nimekiona. Wale waliozoea, wa miaka kumi au ishirini, karibu wote wana kichupa cha vidonge vya B12 kwenye begi. Mwingereza mmoja mama mtu mzima alinieleza kwamba jina lenyewe la vegani lilitungwa kwao mwaka 1944, na waliotangulia waliumwa ndipo wakajifunza. Sisi huku tumepokea mahubiri, kichupa kimebaki uwanja wa ndege, KIA.

Mkazi wa Maji ya Chai

Mmeing'ang'ania B12, mimi naleta magadi. Mtu akiacha nyama anaongeza maharage na makande. Gesi ni ghali, basi anatia magadi yalainike haraka. Magadi yale, hasa ya upande wa Ziwa Natron, huwa na floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Na sisi wa miteremko ya Meru floridi tunayo tayari kwenye maji: Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima huku vinavyopita hapo mara nyingi. Meno yetu mnayaona. Sasa mtu huyo huyo ondoa maziwa. Kalsiamu inashuka, na mwenye kalsiamu kidogo floridi humuumiza zaidi mifupani. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika polepole, magadi achana nayo.

(Kichekesho chetu huku: pale Ngurdoto kuna kituo kilichotafiti kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Vegani akinywa maji hayo sijui atajielezaje.)

Nesi Mstaafu, Moshi

Huyu wa Maji ya Chai asipuuzwe. Watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2020 matokeo ya watu karibu 55,000 waliofuatiliwa Uingereza. Vegani walivunjika mifupa asilimia 43 zaidi ya wala nyama. Sehemu ya tofauti ilitokana na wembamba na kalsiamu na protini kidogo, kwa hiyo si laana, ni kitu kinachorekebishika. Ulezi gramu 100 una kalsiamu zaidi ya miligramu 300. Ufuta upo. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Badala yake kamulia ndimu kwenye mboga.

Mama Lishe, Kilombero

Samahani naingilia. Mnajua ni wangapi mjini hapa ni vegani bila semina? Wateja wangu wanaagiza wali maharage au ugali mboga wiki nzima, nyama ni sikukuu. Hao ni ukata tu, hakuna aliyewahubiria. Nani anawapima B12?

Na hilo la sheria: mimi kupika wali tu lazima nipimwe afya ndipo niruhusiwe. Anayesimama mbele ya watu 200 akawaambia waache vyakula nusu ya sahani, hapimwi chochote, haulizwi chochote.

Nesi Mstaafu, Moshi

Umenigusa mama. Tangu 2011 kuna kanuni kwamba unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, B12 ikiwemo. Dona ya mashine ya mtaani kwetu haimo humo. Kwa wateja wako, kiganja cha dagaa kwenye mboga kinafanya kazi kubwa kuliko semina yoyote.

Chalii wa Njiro

Sawa, nimekubali ya mlonge. Ila sheria hapana. Leo mtasimamia mwalimu wa lishe, kesho mtasimamia bibi yangu asinishauri ninywe tangawizi.

Mama Mchanga, Soweto Moshi

Nimesoma kimya. Nanyonyesha, mtoto ana miezi mitano, mimi ni mimea mitupu tangu 2022 na sijawahi kumeza kidonge chochote cha B12. Mtoto ni mpole sana, halii. Je, kuna shida?

Nesi Mstaafu, Moshi

Mwanangu, usisubiri majibu ya hapa. Kesho asubuhi nenda kliniki na mtoto, waambie maneno hayo hayo uliyoandika, hasa hilo la kutolia. Mtoto hana akiba ya miaka kama sisi, anategemea maziwa yako, na maziwa yako yanategemea unachokula. Usiache kunyonyesha. Nenda tu.

Wengine mjue wataalamu wenyewe walipishana hapa. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema ulaji wa vegani ukipangwa vizuri unafaa umri wowote, hata mimba. Mwaka huo huo wenzao wa Ujerumani wakasema hawaupendekezi kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Ila kwamba vegani lazima apate B12 ya nyongeza, hapo hawakupishana.

Mwalimu wa Semina

Nimesoma yote tangu juu. Mimi nafundisha semina hizi. Si yule wa dada, lakini masomo ni yale yale. B12 naijua. Nitawaambia kwa nini siitaji siku ya kwanza.

Mtu anakuja na presha ya 180, kila usiku ni chipsi mayai na mishikaki. Nikimwambia aache, na papo hapo nimwambie chakula ninachokupa kina upungufu, nunua vidonge, anasikia hilo la pili tu. Anatoka nje anasema, "Hata mwalimu kakiri." Kesho yuko kwenye mishikaki. Kiharusi hakimsubiri miaka mitatu. Nimezika watu wa namna hiyo. Kwa hiyo nawaacha kwanza waone mabadiliko, vidonge nataja wiki ya tatu, kwa wanaorudi.

Mzee wa Kanisa, Usa River

Mwalimu, hiyo ni hoja ya mtu anayewaogopa wanafunzi wake.

Binti wa Sakina

Mwalimu asante, wengi wangekaa kimya. Na presha yangu ilishuka kweli, sitalikana hilo. Nyama sirudii, maziwa nimeanza. Lakini semina yangu ilikuwa ya siku mbili. Hiyo wiki ya tatu ilifanyikia wapi?

Mwalimu wa Semina

Hapo umenishika dada. Wanaorudi ni wachache.

Chalii wa Njiro

Basi sheria ya nini? Si muandike tu mstari mmoja kwenye kile kikaratasi mnachogawa.

Binti wa Sakina

Kikaratasi ninacho, kiko mlangoni kwa friji hadi leo. Kina vyakula 43 vilivyokatazwa, nimevihesabu sasa hivi. Nimekigeuza pia. Nyuma ni peupe.