Tupeane uzoefu: gari jipya la kifahari linakula oili

Baba Nuru (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam.

Gari hili nina miezi kumi na moja nalo. Nililichukua likiwa na kilomita 14, nailoni bado ziko kwenye viti. Ni la Ulaya, silinda sita, lina turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini. Niliuza kiwanja cha Kibaha na kujazia mkopo wa benki, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani nilitaka gari ambalo halijawahi kuwa la mtu mwingine.

Desemba nilikuwa nampeleka mama Moshi. Tumeshaipita Mombo, saa ya kilomita ikisoma 6,800, dashibodi ikaniandikia niongeze oili lita moja. Nikasimama kituo cha mafuta Same, nikafungua boneti kutafuta kijiti cha kupimia. Hakuna. Kumbe gari hili oili inasomwa kwenye skrini tu. Mama akateremsha kioo akaniuliza, "Mwanangu, hili si jipya?" Nilikosa la kumjibu. Pale kituoni zilikuwepo oili nzito za malori, 15W-40 na 20W-50, hakuna inayofanana na iliyoandikwa kwenye kitabu. Tukaenda mwendo wa pole mpaka Moshi, na kesho yake makopo mawili yakaletwa na basi kutoka Arusha.

Niliporudi Dar nililipeleka kwa walioniuzia. Jibu nililopewa: "Iko ndani ya kiwango." Ni kweli, kitabu cha gari kinasema linaweza kutumia hadi nusu lita kwa kila kilomita 1,000. Sasa nikapiga hesabu. Sevisi yake ni kila kilomita 15,000. Kwa kiwango hicho linaruhusiwa kula lita saba na nusu kati ya sevisi na sevisi, na injini yenyewe inabeba lita sita na nusu. Maana yake linaweza kumaliza oili yote iliyomo, likazidisha na lita nzima, na bado wakaliita zima.

Naomba wenye magari ya aina hii mseme yenu. Umri wa gari, linakula kiasi gani, mlifanya nini. Majina ya wauzaji na gereji tuyaache, tuongelee injini.

Njia Panda (Nairobi)

Pole sana ndugu. Yangu haikuwa mpya kabisa, ilitoka Uingereza ikiwa na miaka sita, si unajua hapa Kenya sheria hairuhusu iliyopita minane. V8, yaani silinda nane zilizopangwa kama herufi V, turbo mbili. Aliyegundua shida ni soja wa geti. Akaniambia, "Mkubwa, ukiwasha asubuhi inatoa moshi ya bluu, halafu inaisha." Mimi niko ndani, madirisha yamefungwa, ningejuaje? Nilikuwa naongeza lita moja kila wiki tatu nikidhani ni kawaida ya injini kubwa. Mekanika akaniambia sili za valvu, zile raba zinazozuia oili isiingie kwenye silinda, zimekauka zikawa ngumu kama plastiki. Kuzibadilisha kulinigharimu pesa ningenunua boda boda mbili mpya. Moshi imeisha, lakini tangu siku hiyo asubuhi nawasha, nashuka, naenda kuangalia nyuma mwenyewe.

Fundi Msimbazi

Habari zenu. Niko gereji mwaka wa kumi na tisa sasa, magari ya Ulaya na Japani, naomba niseme kwa kirefu kidogo maana swali hili naulizwa kila siku.

Injini yoyote inachoma oili kidogo. Ringi ya pistoni, ile pete ya chuma inayoizunguka, haikwangui ukuta wa silinda ukabaki mkavu, inaacha utando mwembamba, na utando huo unaungua. Kilichobadilika ni kwamba watengenezaji wanabanwa na sheria za moshi na matumizi ya mafuta. Ringi zimekuwa nyembamba na hazikandamizi sana, ili msuguano upungue. Oili imekuwa nyepesi, 0W-20 siku hizi ni ya kawaida. Muda wa sevisi umerefushwa. Kila moja peke yake ina sababu yake nzuri, lakini ukizikutanisha kwenye injini yenye turbo, foleni na joto letu, ringi ya oili inaanza kuganda kaboni. Vitundu vinavyorudisha oili chini vinaziba, na oili inapanda juu kuungua. Ndiyo maana mimi kilomita 15,000 siikubali kwa mji kama Dar. Wateja wangu namwaga oili kila 7,000, hata skrini iseme bado.

Moshi nao unaongea. Moshi ukitoka asubuhi baada ya gari kulala, au baada ya wewe kuachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, fikiria sili za valvu. Ukitoka mfululizo unapokanyaga, fikiria ringi au turbo. Na usipoona moshi kabisa usijifariji: masega kwenye bomba la moshi, yale yanayosafisha moshi, yanaumeza, mpaka siku yanaziba. Oili ina fosforasi, ikiungua inayaua masega taratibu.

Ya ndugu yetu wa Nairobi inaeleweka. Kuna V8 ambazo turbo zimekaa katikati, juu ya injini, kwenye bonde la V. Ni ubunifu mzuri, nguvu inakuja haraka, lakini joto lote linabaki pale na kila kitu cha mpira kinaiva. BMW kwa injini yao ya N63 ya lita 4.4 walilazimika kule Marekani, Desemba 2014, kuanzisha mpango wa kuzipitia injini hizo, na muda wa kumwaga oili ukashushwa hadi maili 10,000 au mwaka mmoja. Mtengenezaji mwenyewe akipunguza muda wake, wewe wa Dar usijisifu kwamba umeufikisha.

Baba Nuru, kabla hujakubali neno "ringi", waambie wakague valvu ya PCV, ile inayovuta mvuke wa injini kuurudisha ndani uungue. Ina kiwambo cha mpira. Kikichanika, injini inafyonza oili yenyewe kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Acha injini iungurume bila kukanyaga, jaribu kufungua kifuniko cha oili. Kikikugomea kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa ndani, au ukisikia mluzi, umeshapata pa kuanzia.

Mama Ilham

Langu ni kinyume na lenu, nalisema ili mtu asidanganyike. Oili yangu haipungui, ilikuwa inaongezeka! SUV ya dizeli, ya mwaka jana. Mimi ni Mbezi, Posta, Mbezi, foleni ya Bagamoyo asubuhi na jioni. Nilifurahi kweli kuona kipimo kiko juu. Kumbe haya magari yana chujio la masizi, na likijaa gari linamwaga dizeli ya ziada ili masizi yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo wa barabara kuu. Mimi nazima gari kabla haijaisha, kila siku, na dizeli inachuruzika kuingia kwenye oili. Ilipomwagwa ilikuwa nyepesi kama maji na inanuka dizeli. Sasa kila Jumamosi nalipeleka mpaka Bagamoyo mjini na kurudi bila kusimama. Shemeji yangu aliniambia napoteza mafuta. Injini ni bei gani, shemeji?

Kaka Mkubwa 77

Dawa ya yote haya mnaijua. Toyota.

Fundi Msimbazi

Mkuu, Toyota naiheshimu na ndiyo inayonilisha. Lakini hizo Alphard na Harrier za lita 2.4, injini ya 2AZ-FE, kwangu zinakuja kila mwezi zikila oili. Shida ni pistoni na ringi zile zile nilizoeleza. Marekani Toyota walirefusha dhamana ya injini hiyo na kubadilisha pistoni na ringi kwa magari yaliyofeli kipimo. Jina halipimi oili.

Mwana wa Mkunazini (Maskati)

Assalamu alaikum. Huku Oman watu wengi wana magari makubwa ya fakhari, na sisi tuliotoka Unguja tumeshaambukizwa. Nitasema moja tu ambalo sijaona mtu kulitaja. Wakati wa joto gari huachwa linanguruma na kiyoyozi, saa nzima, nje ya duka, nje ya msikiti, watoto wamo ndani. Saa ya kilomita haisogei, lakini injini inafanya kazi. Nilipokwenda kulalamika kuwa gari langu linakula oili kila kilomita 2,000, yule fundi, mzee wa Kihindi mwenye adabu sana, alinionesha kwenye kompyuta saa ambazo injini imezunguka. Ukizigawa, mwendo wangu wa wastani ulikuwa kilomita 17 kwa saa. Akasema, hizo 2,000 zako ni kama 6,000 za mtu wa safari. Nikaona aibu, lakini nilifahamu. Sasa nahesabu saa, si kilomita, na nikisimama nazima.

Mpwa wa Minnesota

Shikamooni wakubwa. Huku Marekani ukilalamika wanakufanyia kipimo, na nadhani hata huko mnaweza kukidai. Wanamwaga oili, wanaweka mpya mpaka juu, wanaandika kilomita, wanaweka alama kwenye kifuniko ili wajue kama kimefunguliwa. Unaendesha maili 1,000 au 1,200, unarudi, wanapima kilichopotea. Wenye Audi za 2.0 TFSI (injini ya lita mbili yenye turbo) za kuanzia 2009 walipata pistoni na ringi mpya kwa njia hiyo baada ya kesi. Kilichonisaidia mimi ni daftari. Niliandika tarehe, kilomita na kiasi nilichoongeza, nikatunza risiti za kila kopo. Mara ya kwanza nilienda na maneno matupu nikarudishwa. Mara ya tatu nilienda na kurasa mbili, meneja akatoka mwenyewe.

Na kuhusu oili nyepesi aliyosema fundi: Aprili 2025 GM (General Motors) waliita magari karibu 600,000 huku yarudi kukaguliwa, Cadillac Escalade zikiwemo, yenye V8 ya lita 6.2, kwa kasoro za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, na koni rodi zinazouunganisha na pistoni. Yaliyofaulu ukaguzi yalirudishwa kwa wenyewe yakiwa na 0W-40, iliyo nzito zaidi, badala ya 0W-20.

Njia Panda (Nairobi)

Hiyo ya daftari nimeichukua.

Baba Nuru

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha wiki tano.

Nilifanya kama mlivyonielekeza. Nilijaza oili mpaka juu, nikaenda Dodoma kikazi na kurudi, kilomita 960 na vimizunguko vyake. Nilipima kwenye sehemu tambarare, injini ya moto, kama kitabu kinavyotaka. Kulijaza tena kulichukua nusu lita kasoro kidogo. Nikarudia kilomita 1,000 nyingine, ikawa ile ile. Halafu nikajaribu kifuniko injini ikiunguruma. Fundi Msimbazi, Mungu akubariki: kilinigomea kabisa, na nilipokifungua injini ilitikisika kama inataka kuzima.

Nilikwenda na karatasi, video ya simu na risiti. Hawakuniambia tena habari ya kiwango. Walifungua, kiwambo cha PCV kilikuwa kimechanika upande mmoja, ufa wa urefu wa kucha. Wamebadilisha kwa dhamana, sikulipa hata shilingi. Nimedai pia waandike kwenye faili la gari kwamba kwa zaidi ya kilomita 9,000 liliendeshwa na kasoro hiyo, maana dhamana itaisha na ringi ni zangu. Walisita, nikakaa pale mapokezi mpaka saa kumi na moja jioni. Wameandika na kugonga muhuri, nakala ninayo.

Tangu hapo nimeenda kilomita 1,100, nimeongeza kama robo kikombe cha chai. Sijatulia kabisa, nitaleta namba za kilomita 3,000. Mama anataka kwenda Moshi Ijumaa. Kopo moja liko kwenye buti.