Siku ya matembezi na ununuzi pamoja na mwongoza watalii: nitarajie nini?

Binti Msafiri ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mwezi ujao nitasafiri na mama yangu kwenda nje ya nchi, na kwa sisi sote wawili itakuwa mara ya kwanza kusafiri kwa ajili ya kutembea tu, bila harusi, msiba wala mgonjwa wa kuuguza. Kampuni iliyotuandalia safari imetuwekea siku moja nzima inayoitwa "matembezi ya jiji na ununuzi", tukiwa katika kundi la watu wapatao 20 pamoja na mwongoza watalii. Ratiba niliyotumiwa ina mistari sita. Inataja ngome ya kale, makumbusho, mitaa ya mji mkongwe, "kutembelea karakana ya mazulia", chakula cha mchana na "muda huru wa kununua". Haisemi tutakaa kila mahali kwa muda gani, wala haisemi kama viingilio vimo ndani ya fedha tuliyokwisha kulipa.

Ningependa kujua siku ya namna hii huendaje hasa, na kama mtu hulazimika kununua anapopelekwa dukani. Hili la pili nauliza kwa sababu ya mama. Ana umri wa miaka 68, magoti humsumbua akisimama muda mrefu, na tena si mtu wa kukaribishwa kiti na kikombe cha chai kisha akaondoka mikono mitupu, kwani kwake huo ni utovu wa adabu. Naogopa atamaliza akiba yake katika duka la kwanza tutakaloingia.

Mwongozaji Mstaafu amejibu:

Binti, karibu, na Mungu akujalie kwa kumtembeza mama. Niliongoza makundi ya watalii kwa miaka 17 kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitakueleza siku hiyo kama nilivyokuwa nikiiona kutoka kiti cha mbele cha basi.

Asubuhi basi hupita hoteli moja baada ya nyingine kuwakusanya wageni, na kila mahali kuna mtu mmoja ambaye hajateremka bado. Ukiambiwa safari inaanza saa mbili, usishangae mkifika ngomeni saa tatu na nusu. Baada ya hapo, visome vitenzi vya ratiba yako neno kwa neno, kwa maana ahadi ya kampuni imo humo. "Kuingia" ni kuingia kweli. "Kuona", "kupita" au "kusimama kwa ajili ya picha" ni kwamba mtateremka mbele ya lango, mtapewa dakika 10 au 15, kisha mtapanda basi tena. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi kwa sababu walisafiri maelfu ya kilomita ili waingie mahali ambapo ratiba yao ilikuwa imesema watapaona tu. Waandikie kampuni leo, uwaulize kwa kila kituo: tunaingia au tunapita, tunakaa dakika ngapi, na kiingilio kimelipwa na nani.

Sasa nije kwenye karakana, kwa sababu hapo ndipo mama yako atakapojaribiwa. Mtapokewa mlangoni na mtu mwenye adabu sana anayejua salamu za lugha nyingi. Mtamwona fundi mmoja, mara nyingi mwanamke, akifunga mafundo ya uzi kwenye kitanda cha kufumia kwa kasi ambayo macho hayawezi kuifuata, na kazi hiyo ni ya kweli na inastahili heshima yenu. Kisha mtaingizwa katika ukumbi mkubwa, mtaketishwa kuzunguka kuta, na chai italetwa. Vijana wawili watayakunjua mazulia katikati ya ukumbi, moja juu ya jingine, huku bei ikiwa haijatajwa hata kidogo. Baada ya kama nusu saa taa zitaongezwa mwanga, na ghafla kila familia itakuwa na muuzaji wake aliyekuja kukaa kando yake. Mgeni akishatengwa na wenzake namna hiyo, kukataa kunakuwa kugumu mara mbili, na ukumbi ulipangwa hivyo kwa makusudi.

Ni vizuri ujue pia fedha inavyozunguka. Siku nyingi za namna hii huuzwa kwa bei ndogo kuliko gharama yake, na pengo huzibwa na kamisheni ambayo duka hulipa kampuni, mwongozaji na wakati mwingine dereva. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifika mlangoni namtajia karani namba ya kundi langu, naye anaiandika, na jioni mauzo yote ya wageni wangu yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa chini ya namba hiyo. Kamisheni hiyo haitoki mfukoni mwa mwenye duka. Imo ndani ya bei anayotajiwa mama yako. Sisemi bidhaa ni mbovu, kwa sababu nyingi nilizoziona zilikuwa nzuri, lakini ile bei ya kwanza ina watu wengi ndani yake.

Kuhusu kulazimishwa: hapana, hakuna anayeweza kuwalazimisha kununua. Chai ile imekwisha kuhesabiwa katika gharama za duka kabla hamjafika, iwe watu 20 watanunua au asinunue hata mmoja. Mweleze mama jambo hili kabla ya safari, kwa utulivu, mkiwa nyumbani. Ukimweleza mbele ya muuzaji atakuona wewe ndiye mkosa adabu.

Mpenda Makumbusho amejibu:

Niongeze kuhusu magoti, dada. Nilisafiri na baba yangu mwaka jana, naye hutembea kwa mkongojo. Mtumie ujumbe mwongozaji siku moja kabla, umwambie waziwazi kwamba mna mzee, ili awape viti vya mbele na awaonyeshe mapema penye ngazi na mawe yasiyo sawa. Miji mikongwe mingi haiingii basi, hivyo mtateremshwa pembeni na kutembea. Kama kundi linagawiwa visikizio, mhakikishie mama chake kinafanya kazi kabla hamjaondoka kwenye basi, kwa sababu ataweza kukaa kwenye benchi na bado akayasikia maelezo yote bila kung'ang'ana kusimama karibu na mwongozaji. Baba yangu aliisikia historia yote ya ngome akiwa ameketi kivulini, tena aliishika vizuri kuliko mimi niliyepanda hadi juu.

Karani wa Forodha amejibu:

Wasalaam. Kazi yangu ni kukagua mizigo ya abiria, na machozi mengi ninayoyaona huanzia katika duka ambalo mtu aliingia akiwa na kundi, akaambiwa "hakuna tatizo, wageni wote huchukua". Muuzaji hatakuwepo mtakapofika uwanja wa ndege.

Vitu vya kukataa bila kufikiri mara mbili ni vile vinavyotokana na wanyama na mimea inayolindwa. Mkataba wa kimataifa unaoitwa CITES ulitiwa saini mwaka 1973 na ukaanza kutumika mwaka 1975, na nchi nyingi sana duniani ni wanachama wake. Chini ya mkataba huo, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Bangili za magamba ya kasa wa baharini ziko katika kundi hilohilo. Baadhi ya matumbawe na mikoba ya ngozi ya nyoka au mamba yanaweza kupita, lakini kwa kibali maalumu, na kibali si risiti ya duka. Risiti inathibitisha kwamba ulilipa, haithibitishi kwamba una ruhusa ya kuvusha kitu mpakani.

La pili ni vitu vya kale. Mkiambiwa sarafu, kigae au sanamu fulani ilichimbuliwa ardhini na ina miaka mia kadhaa, basi ama ni uongo na mnauziwa kitu kipya kwa bei ya kitu cha kale, ama ni kweli na kukitoa nchini bila idhini ni kosa. UNESCO ina mkataba wa mwaka 1970 unaohusu jambo hili, na mataifa mengi yana sheria kali kuliko mkataba wenyewe. Nimeshuhudia bibi mmoja akinyang'anywa chombo kidogo cha udongo alichokuwa amekinunua kwa nia safi kabisa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amemnunulia mjukuu wake.

La tatu ni la faida kwenu. Nchi kadhaa huwarudishia wageni kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa wanazotoka nazo. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mnunuzi asiye mkazi wa Umoja huo huomba fomu dukani kwa kuonyesha pasipoti, kisha huigongesha muhuri forodhani anapotoka, na bidhaa lazima itoke kabla ya kwisha kwa mwezi wa tatu baada ya mwezi iliponunuliwa. Uingereza bara iliuondoa utaratibu huo kwa manunuzi ya dukani mwanzoni mwa mwaka 2021, kwa hiyo msikisie. Ulizeni kwa nchi mnayokwenda. Na kwanza kabisa, msikabidhi begi lenye bidhaa hizo kwa shirika la ndege kabla ya muhuri kugongwa, kwa sababu ofisa ana haki ya kutaka kuziona.

Binti Msafiri amejibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimemsomea mama maneno ya Mwongozaji Mstaafu kuhusu chai, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo hata nisiponunua, yule binti anayefuma atalipwa?" Sikujua nimjibu nini. Pia naomba kujua: ikiwa kweli atapenda kitu kikubwa, nao wakaahidi kukisafirisha hadi nyumbani, je, tuwaamini? Na akijutia baadaye, kuna namna ya kurudisha?

Mwongozaji Mstaafu amejibu:

Mwambie mama kwamba ameuliza swali ambalo wageni wangu wengi hawakuwahi kuliuliza kwa miaka yote ile. Katika karakana nilizozijua, mfumaji wa kwenye onyesho alilipwa ujira wake wa siku, kununua kwenu kusingemwongezea siku hiyohiyo. Kama anataka kumpa mkono wa ahsante, ampe yeye mwenyewe bakhshishi ndogo pale kwenye kitanda cha kufumia, kabla hamjaingia ukumbini. Hiyo itamfikia.

Kuhusu kusafirishiwa, wapo wanaotuma kwa uaminifu. Hata hivyo, mzigo usipofika, mnakuwa nchi mbili tofauti na mwenye duka, na nauli ya kufuatilia inaweza kuzidi thamani ya zulia. Likimpendeza kweli, alinunue dogo linaloingia begini. Wakisisitiza kutuma, piga picha ya zulia mbele na nyuma, andika jina lako nyuma kwa kalamu mbele ya muuzaji, na risiti itaje vipimo, malighafi, gharama ya usafirishaji na nani atalipa ushuru. Muuzaji akikataa kuandika neno "hariri" au "sufu" kwenye risiti ilhali amelisema kwa mdomo mara kumi, mmekwisha kupata jibu lenu.

Msoma Mikataba amejibu:

Kuhusu kurudisha, hutegemea nchi. China ilitunga sheria ya utalii iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013, inayokataza kampuni kuwavuta watalii kwa bei ya chini isiyo ya kawaida kisha kufidia kwa kamisheni za maduka, na inampa mtalii aliyetendewa hivyo siku 30 baada ya safari kuidai kampuni imshughulikie kurudisha bidhaa. Katika Umoja wa Ulaya, bidhaa iliyouzwa katika matembezi yaliyoandaliwa na mfanyabiashara mwenyewe ili auze huwa na muda wa angalau siku 14 wa kughairi, lakini mtu akiingia dukani kwa hiari yake na kununua, sheria ya Umoja haimpi haki hiyo kwa sababu tu amebadili mawazo. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kanuni za Ulaya za ulinzi wa safari za pamoja haziihesabu ziara ya chini ya saa 24 isiyo na malazi. Kwa kuwa siku yenu imo ndani ya safari kubwa zaidi, hakikisha imeandikwa katika mkataba uleule, isiwe karatasi ya pembeni.

Mkilipa kwa kadi, mashine inaweza kuwauliza kama mlipe kwa sarafu ya nyumbani au ya nchi mliyopo. Chagueni ya nchi mliyopo, kwa sababu mkichagua ya nyumbani, kiwango cha kubadilishia hupangwa na upande wa muuzaji, na mara nyingi huwa kibaya kuliko cha benki yenu. Msimwachie muuzaji abonyeze kitufe hicho kwa niaba yenu.

Binti Msafiri amejibu:

Nimewaandikia kampuni jana, na wamenijibu leo asubuhi. Ngome tunaingia na kiingilio kimelipwa. Makumbusho ni "kuona kwa nje", jambo ambalo nisingelijua kama nisingeuliza, hivyo nimeomba tulipie wenyewe na kuingia katika ule muda huru wa kununua. Wamekubali, na mwongozaji atatuelekeza mahali pa kulikuta basi. Karakana tutakaa dakika 75, na anayetaka kubaki nje ana ruhusa. Mama amesema hatabaki nje, anataka kumwona mfumaji. Ametenga noti moja katika pochi ndogo kwa ajili ya yule binti, na pochi kubwa ameniambia nimshikie mimi hadi jioni.