Naomba ushauri: nataka kuhama Windows niende Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta), nianzie wapi?

Wakuu habari zenu, nina kiduka cha steshenari na laptop yangu ni ya zamani, RAM 4GB, ina Windows 10 ambayo sapoti yake iliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) ambayo yangu haina, kununua nyingine kwa sasa siwezi kabisa. Jana nimejaribu Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, kwa flashi bila kuiweka kwenye diski, imewaka vizuri na wifi imeshika, nimefurahi sana aisee. Ila wateja wanaleta mafaili ya Word, nikiyafungua kwenye LibreOffice (programu ya bure inayofanya kazi kama Word) mengine mpangilio unavurugika, na CV ya mtu siwezi kuiharibu. Mliohama mlifanyaje? Niweke Windows na Linux zote mbili kwanza au nihame jumla? Na printa mlizikuta zinasoma?